Kipulizio cha Tromboni: Namna ya Kulinganisha na Kuchagua



Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo inapokaribia, bendi za matarumbeta za parokia huanza kufufuliwa. Vyombo hutolewa stoo, vumbi hufutwa, vijana huitwa mazoezini, na mara hugundulika kwamba tromboni moja haina kipulizio, au inacho lakini kinacheza kama jino bovu. Hapo ndipo mweka hazina wa kamati anapouliza swali ambalo wanamuziki wengi wa parokia hawana jibu lake la haraka: tununue kipi? Makala hii inajaribu kulijibu. Nimeiandika kwa ajili ya waseminari wenzangu wanaopuliza, na zaidi kwa ajili ya wanakamati wasiopuliza ambao ndio wanaotoa fedha.

Wapulizaji wengi husema mausipisi. Mimi nitasema kipulizio, maana ndicho kinachofanya kazi ya kupokea pumzi.

Kwa nini tromboni na si trumpeti? Kwa sababu trumpeti haina shida kubwa. Chukua kipulizio cha trumpeti chochote cha kawaida, kitaingia karibu katika trumpeti yoyote ya kawaida. Tromboni haiko hivyo. Tromboni mbili zilizolala kando kando katika stoo moja ya parokia zinaweza kuhitaji vipulizio visivyobadilishana hata kidogo, na kwa macho hutaona tofauti. Kutokujua jambo hilo moja kumezifanya kamati nyingi zitupe fedha za waamini.

Tuanze na jinsi sauti inavyozaliwa. Msomaji wa Umatengo au wa mwambao wa Nyasa ana mfano mzuri nyumbani. Katika ngoma ya mganda wanaume hubeba vibuyu vilivyotobolewa na kuwambwa utando mwembamba. Mchezaji huimba ndani ya kibuyu, utando hutetema, na sauti hutoka ikiwa na ule mkwaruzo unaofanana na bendi ya jeshi. Haikuwa bahati. Ngoma hiyo ni ndugu wa beni, ambayo jina lake lilitokana na neno la Kiingereza la bendi, na ambayo ilienea Tanganyika pamoja na askari na wapagazi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake. Watu waliipenda bendi ya shaba, shaba haikuwapo, wakatumia vibuyu.

Sasa linganisha. Katika kibuyu cha mganda kinachotetema ni utando. Katika tromboni hakuna utando, wala hakuna ulimi wa tete kama katika klarineti. Kinachotetema ni midomo ya mpulizaji mwenyewe. Bomba lote la shaba, karibu mita 2 na robo tatu likinyooshwa, linafanya kazi ya kuchagua na kukuza mtetemo ule. Na mahali ambapo nyama ya mdomo inakutana na shaba ni duara dogo la milimita 25 hivi. Ndiyo maana kitu kidogo hivi kinaleta mabishano makubwa.

Kipulizio kina sehemu tano. Ukingo ni ile duara inayogusa midomo. Ndani yake kuna kikombe. Chini ya kikombe kuna tundu jembamba, ambalo ni koo. Baada ya koo njia hupanuka tena polepole, na huo ni mrija wa nyuma. Mwisho kuna mkia, yaani sehemu ya nje inayoingia katika tromboni. Watu wanaobishana kuhusu vipulizio hubishana kuhusu ukingo na kikombe. Mimi nasema anza na mkia, maana mkia usipoingia vizuri, hayo mengine hayana maana.

Mikia ya tromboni ni ya aina mbili kuu, mdogo na mkubwa. Mkia mdogo ni wa tromboni za tena zenye bomba jembamba, kama zile wanazofundishiwa wanaoanza na zile za muziki wa dansi. Mkia mkubwa ni wa tromboni za tena zenye bomba pana, za orkestra, na wa tromboni za besi. Kwa vipimo, Yamaha YSL-354, ambayo ni tromboni ya wanafunzi inayojulikana sana duniani, ina bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 12.7, nayo hutumia mkia mdogo. Bach 42, ya orkestra, ina bomba la milimita 13.9, nayo hutumia mkia mkubwa. Kuna pia mkia wa kati, ambao utaukuta katika baadhi ya yufonia za zamani za Kiingereza. Tofauti kati ya mkia mdogo na mkubwa ni ndogo sana kwa macho, haifiki milimita mbili, lakini kwa pumzi ni kubwa.

Unajuaje? Ingiza kipulizio bila kukisukuma kwa nguvu. Kikiwa sahihi, kinaingia karibu sentimita mbili na nusu na kusimama imara, hakitikisiki kokote. Mkia mdogo ukiwekwa katika chombo cha mkia mkubwa, unazama mno na kucheza. Mkia mkubwa ukiwekwa katika chombo cha mkia mdogo, unaishia mlangoni na kipulizio kinabaki kimechomoza nje kama kofia ya kuazima. Katika hali zote mbili pumzi inavuja au njia ya hewa inakatika ghafla, sauti zinayumba, na kijana anaambiwa hana kipaji.

Kuna parokia moja, nisiyoitaja, ilipata tromboni nzuri ya msaada kutoka Ulaya, ndani ya sanduku lake, bila kipulizio. Kamati ikachanga, ikaagiza kipulizio kwa njia ya mtandao, chenye jina kubwa. Kilipofika kilikuwa cha mkia mdogo na tromboni ilikuwa ya mkia mkubwa. Muuzaji hakuuliza, na aliyeagiza hakujua kwamba kuna la kuuliza. Vijana wakazungushia ule utepe mweupe wa mafundi bomba mpaka kikakaza. Kilikaza kweli, ila noti za juu zilikuwa zinakimbia na za chini hazitoki. Mpulizaji wa tromboni ile akahamia ngoma kubwa.

Utepe na karatasi si dawa. Dawa ipo, na ni rahisi: kipete cha shaba kinachovikwa juu ya mkia mdogo ili utoshe katika chombo cha mkia mkubwa. Vinauzwa tayari, na fundi mwenye mashine ya kukereza vyuma na kipimo kizuri cha kalipa anaweza kukitengeneza. Sisi wa Ruvuma tusijifanye hatuna mafundi. Peramiho karakana zimekuwa sehemu ya maisha ya abasia kwa vizazi. Lakini njia hiyo inakwenda upande mmoja tu. Mkia mkubwa huwezi kuufanya mdogo kwa kipete; labda ukerezwe wenyewe, na mrija wa nyuma ukiharibika umepoteza kipulizio.

Vyombo vingi katika bendi zetu vimetoka India, hasa mji wa Meerut, ambako kazi ya kutengeneza vyombo vya bendi imekuwapo tangu karne ya 19. Tromboni hizo kwa kawaida ni za mkia mdogo. Nimesema kwa kawaida. Zile za msaada kutoka Ujerumani, hasa za zamani, zinaweza kuwa na mkia wa namna yake peke yake. Kwa hiyo kabla ya kuagiza chochote, peleka tromboni mahali palipo na kipulizio unachokijua, ukijaribu. Ukishindwa, pima kwa kalipa upana wa mlango wa chombo, umtumie muuzaji.

Tukishamaliza mkia, twende kwenye majina na namba, maana hapa pana mtego mwingine. Mtengenezaji anayenukuliwa zaidi ni Vincent Bach, mpiga trumpeti aliyezaliwa Austria mwaka 1890 na kuhamia Marekani mwaka 1914. Inasimuliwa kwamba fundi mmoja wa Pittsburgh alimharibia kipulizio chake, akaamua kujifunza kutengeneza mwenyewe. Mwaka 1918 akaanza biashara. Katika namba zake, namba ikipungua kikombe kinapanuka. Kwa hiyo 5 ni pana kuliko 12. Herufi inayofuata inahusu kina cha kikombe: C ni kifupi kiasi, A ni kirefu, G ni kirefu na kikubwa kwa ajili ya vyombo vya bomba pana. Yamaha wao wamegeuza, namba ikiongezeka upana unaongezeka. Denis Wick wa Uingereza anafuata mwelekeo wa Bach katika namba, lakini herufi zake zinakuonyesha pia mkia: kinachoishia na S ni cha mkia mdogo, kinachoishia na L ni cha mkia mkubwa. Huu wa Wick ndio utaratibu ninaoupenda, maana unamwambia mnunuzi jambo la kwanza analotakiwa kujua.

Bach 12C ina upana wa ndani wa karibu milimita 24.5. Bach 6½AL ni karibu 25.4. Yamaha 48 inakaribiana sana na hiyo 6½AL. Bach 5G ni karibu 25.5, ila kikombe chake ni kikubwa zaidi kwa ndani. Bach 1½G, ya tromboni ya besi, ni karibu milimita 27. Ukiziangalia namba hizo utacheka: tofauti kati ya cha mwanafunzi na cha orkestra ni milimita moja! Lakini midomo ina hisia kali kuliko vidole. Unywele ukiingia mdomoni unaujua mara moja. Ukiwa kiganjani huujui. Basi usishangae mpulizaji akilalamikia nusu milimita.

Upana unafanya nini? Kipulizio kipana kinaacha nyama nyingi zaidi ya mdomo itetemeke, hivyo sauti inajaa na noti za chini zinafunguka. Gharama yake ni misuli. Mpulizaji asiye na mazoezi ya kila siku akipewa kikombe kipana, baada ya nyimbo tatu midomo inalegea, anaanza kukandamiza kipulizio usoni ili apate noti za juu, na damu inakatika mdomoni. Kina cha kikombe kinaamua rangi ya sauti. Kirefu kinatoa sauti nzito, ya mviringo, inayochanganyika na sauti za waimbaji. Kifupi kinatoa sauti kali, yenye kung'aa, inayosaidia noti za juu na inayosikika mbali. Koo likiwa pana pumzi inapita kwa wingi na kumalizika haraka. Likiwa jembamba mno mpulizaji anahisi kama anapuliza kwenye chupa.

Ukingo ni suala la starehe, lakini starehe ina bei. Ukingo mpana unagawa mkandamizo, hivyo unavumilika kwa muda mrefu. Ukingo mwembamba unaacha midomo ihame kwa wepesi kutoka noti hadi noti. Ukingo wenye pembe kali kwa ndani unaanzisha noti kwa usafi, ila unauma. Kwa mtu atakayetembea kilomita kadhaa akipuliza, ukingo unaouma ni mateso yasiyo na stahili yoyote.

Utasikia pia watu wakisema: mwenye midomo minene apewe kikubwa, mwenye midomo myembamba apewe kidogo. Siiamini kanuni hiyo. Kinachotetema ni sehemu ndogo tu iliyo katikati ya midomo, na mengi yanategemea mpangilio wa meno, taya, na mahali mtu anapokiweka kipulizio. Vijana wetu wengi wamepewa kipulizio kwa kutazamwa uso. Wapewe kwa kusikilizwa.

Hapa naomba ruhusa ya mwanafunzi wa falsafa kutoka nje ya stoo kidogo. Katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, Plato anauliza nani anakijua chombo kwa kweli, aliyekitengeneza au anayekitumia. Mfano wake ni mpiga zumari. Yeye ndiye anayemwambia fundi zumari gani zinafaa katika kupigwa na zipi hazifai, na fundi anatii. Mtumiaji ana maarifa. Fundi ana imani sahihi aliyoipata kwa kumsikiliza mtumiaji. Darasani tuliupita mfano huo haraka kuelekea hoja ya Plato juu ya uigaji, lakini kwangu umebaki pale pale. Katika parokia, anayechagua kipulizio kwa kawaida si mpulizaji. Ni kamati, au mfadhili, au padre mwenye safari ya Dar es Salaam. Hao wana nia njema, lakini kwa kipimo cha Plato wako chini hata ya fundi.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anaongeza jambo la pili. Katika sehemu ya kwanza ya Summa Theologiae, swali la 91, anasema fundi anayetengeneza msumeno huutengeneza kwa chuma ili ukate. Hautengenezi kwa kioo, ingawa kioo ni kizuri zaidi kutazama, kwa sababu uzuri huo ungezuia lengo la msumeno. Nakumbuka msumeno huo wa kioo kila ninapoona kipulizio kilichopakwa dhahabu kikisifiwa katika matangazo. Dhahabu ina faida yake, ni laini mdomoni na inawafaa wanaoumizwa ngozi na fedha, ila haimpi mtu noti hata moja. Mzee mmoja wa bendi ya jeshi, mstaafu, aliniambia kwa ufupi zaidi ya Mtakatifu Thomas. Nilimwamkia, nikamwuliza: "Shikamoo mzee, nikipata nafasi nikuletee kipulizio gani?" Akaitika marahaba, akasema: "Mwanangu, usiniletee cha kung'aa. Niletee kinachoingia."

Basi lengo letu ni lipi? Swali hili Kanisa lenyewe limetusaidia kulipanga. Mtakatifu Papa Pius X, katika hati yake juu ya muziki mtakatifu ya tarehe 22 Novemba 1903, siku ya Mtakatifu Sesilia, alikataza bendi kupiga ndani ya kanisa. Aliruhusu vyombo vya kupuliza vichache, kwa kibali cha askofu, vikipigwa kwa uzito unaofanana na wa kinanda. Nje, katika maandamano, bendi iliweza kuruhusiwa, mradi isipige nyimbo za kidunia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Sacrosanctum Concilium namba 120, uliendelea kukipa kinanda cha mabomba heshima ya kwanza, lakini ukafungua mlango kwa vyombo vingine vinavyofaa, kwa idhini ya wenye mamlaka ya mahali. Huo ndio mlango tulioingilia. Na tofauti ile ya ndani na nje bado ni ya kweli kwa masikio, hata baada ya sheria kulegea.

Ndani ya kanisa, tromboni ina kazi ya zamani ya heshima. Venezia, katika Basilika ya Mtakatifu Marko, Giovanni Gabrieli aliziandikia tromboni sehemu nyingi katika kitabu chake cha mwaka 1597, zikijibizana na kuungana na waimbaji. Mozart katika Requiem yake ya mwaka 1791 aliipa tromboni peke yake mlango wa kuingilia Hukumu ya Mwisho. Kwetu kazi ni nyenyekevu zaidi: tromboni ya kwanza inafuata tena, ya pili inafuata besi, na kwaya ndiyo yenye neno. Kwa kazi hiyo unataka kikombe kirefu kiasi, sauti isiyokata maneno ya wimbo. Nje, katika maandamano ya Ekaristi yanayopanda na kushuka vilima vya Songea, bila kuta za kurudisha sauti, kikombe kirefu mno kinamezwa na upepo, na mpulizaji anachoka kabla ya kituo cha pili.

Bendi ya parokia hufanya kazi zote mbili kwa kipulizio kimoja. Kwa sababu hiyo, kwa tromboni ya mkia mdogo, uamuzi wangu ni 6½AL au kinacholingana nayo, kama Yamaha 48. Kiko katikati: si kifupi cha kupiga kelele ndani, si kirefu cha kuzimika nje. 12C ninaiachia kijana mdogo anayeanza ambaye amejaribu 6½AL kwa wiki kadhaa na kushindwa kuvumilia. Wengine watanipinga hapa, maana 12C imeanzishia wengi, lakini nimesikia bendi ambazo tromboni zote zina 12C na zinatoka kama trumpeti zenye mafua. 5G ni ya tromboni ya mkia mkubwa na ya mtu anayepuliza kila siku. 1½G usiinunue kama huna tromboni ya besi, hata muuzaji akupunguzie nusu ya bei.

Ukipata nafasi ya kulinganisha, linganisha viwili tu kwa wakati mmoja. Cha tatu kinavuruga kumbukumbu ya midomo. Pasha midomo joto kwanza kwa kipulizio ulichozoea, dakika 10 hivi. Kisha shika noti ndefu ya katikati kwa sauti ya chini kabisa uwezayo. Kipulizio kinachokataa kuanza kwa upole kitakuaibisha kwenye Komunyo. Panda ngazi, shuka ngazi, ukiwa na kinanda pembeni kukagua kama noti zimekaa mahali pake. Halafu piga wimbo mzima wa kwaya, beti zote, sehemu ya tena. Dakika 5 za kwanza kila kipulizio kipya ni kitamu, ni kama mgeni siku ya kwanza. Endelea mpaka dakika 20, hapo ndipo ukweli unatoka.

Na zaidi ya yote, mpulizaji asiyaamini masikio yake peke yake. Anayepuliza husikia kwa mifupa ya kichwa. Waamini husikia kwa hewa. Mweke mwalimu wa kwaya mlangoni mwa kanisa, akupe mgongo. Mtu wa tatu akukabidhi vipulizio kwa zamu bila kumwambia mwalimu kipi ni kipi, naye aandike anachosikia. Fanyeni mara nne au tano. Akishindwa kuvitofautisha, chukua cha bei nafuu kinachokustarehesha.

Sisi wa Songea tuongeze jambo la baridi. Juni na Julai asubuhi kwetu ni kipupwe kweli, na ndipo sherehe nyingi zinapoangukia. Hewa ya baridi inashusha sauti ya chombo. Bomba likipoa kwa nyuzi 10, sauti inaweza kushuka karibu theluthi moja ya nusu sauti. Shaba baridi pia inagandisha mdomo. Weka kipulizio mfukoni karibu na mwili wakati wa mahubiri, na puliza hewa ya moto ndani ya chombo kabla ya kuanza. Vipulizio vya plastiki, kama vile vinavyokuja na tromboni za plastiki za pBone, havina shida hiyo ya ubaridi na bei yake ni ndogo. Sauti yake ni pungufu kidogo, ukingo wake unachubuka upesi, lakini kwa mazoezi na kwa watoto vinatosha. Sioni aibu yoyote ndani yake.

Kipulizio cha mtumba kikague ukingo. Mpako wa fedha ukiwa umeisha na shaba ya manjano imejitokeza mahali pa kugusa midomo, usikitumie. Shaba tupu inawawasha wengine, na shaba inayokerezwa kwa mashine huwa na kiasi kidogo cha risasi, ambayo si ya kulambwa kila siku. Mkia ukiwa umepondeka kwa kuanguka, fundi anaweza kuurudisha kwenye duara kwa kigingi cha chuma kilichochongoka. Si kasoro ya kukataa chombo. Kipulizio kikinasa katika tromboni usikikamate kwa koleo na kukizungusha. Utapasua bomba la kuingilia, na bei yake ni kubwa kuliko kipulizio. Kuna kivutio maalumu cha kazi hiyo, na bendi mbili au tatu jirani zinaweza kuchangia kimoja.

Kuhusu kupokezana kipulizio, hofu kubwa mitaani ni kifua kikuu. Kifua kikuu huenea kwa hewa, mtu akikohoa, si kwa kugusana vyombo. Hatari yake iko zaidi katika chumba cha mazoezi kilichofungwa madirisha. Lakini mafua na vile vidonda vya homa vya mdomoni hupita kwa kipulizio bila shida. Kila mpulizaji awe na chake, hata kama tromboni ni moja kwa watu wawili. Kioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, na brashi ndogo ipite kooni. Steelwaya isikiguse, inakwangua mpako wote wa fedha.

Kipulizio kipya cha jina kinacheza kati ya dola 50 na 100 za Marekani kabla ya nauli na ushuru. Kwa kigango hizo ni sadaka za Jumapili kadhaa. Kwa hiyo ninashauri hatua hii: kabla ya kuagiza, katibu aandike kwenye karatasi moja aina ya tromboni, upana wa mlango wake kwa milimita, jina la mpulizaji, na vipulizio alivyojaribu kwa bendi jirani. Karatasi hiyo aisaini mpulizaji mwenyewe, hata kama ni kijana wa kidato cha pili, ndipo mweka hazina afungue kasha.